Bomba la Upande wa Pili

Kama ndiyo kwanza unakutana nami, karibu, sogea, ucheke na wenzako. Mimi ndiye Frednand wa Nyamiaga, fundi redio na simu, mwenye Subaru ya turbo uani na asiye na mke ndani.

Wenzako wanajua nilivyolinunua gari lile Kahama kwa kuupenda muungurumo wake. Wanajua pia kwamba lilipoanza kukosa nguvu mlimani sikumuuliza mtu. Niliamua mwenyewe kwamba ugonjwa uko kwenye masega, yale matundumatundu ya kuchuja moshi yaliyomo ndani ya bomba linaloshuka kutoka kwenye turbo. Fundi mmoja wa njiani, kule Lusahunga, akalikata bomba lote, masega akayauza anakokujua yeye, mahali pake akachomelea kipande kitupu cha bomba la maji.

Nguvu zilirudi. Zilirudi na sauti.

Jumapili ya komunyo ya kwanza ya binti yetu Nice, nilitoka kanisani wakati wa mageuzo ili nilisogeze gari kivulini. Nililiwasha. Likakohoa, likapiga mshindo, na kanisa zima likainama, lakini si kwa ibada. Mama mkwe wangu Magdalena, aliyetoka Nyarubungo kuja kumwona mjukuu wake akipokea, alitolewa chini ya benchi na wanakwaya.

Jioni ile mke wangu Domisiana alifunga nguo zake. Nice akabaki kwa sababu ya shule. Mlangoni Domisiana aliniambia kwa upole, na upole wa Domisiana ni mbaya kuliko kelele za mwingine: "Mlio nitauzoea, Baba Nice. Hilo neno lako la 'najua' ndilo limenichosha."

Nikamjibu kwamba najua.

Akaenda.

Kwetu, mke akirudi kwao humpigii simu ukamwambia panda basi. Unakwenda na mkubwa wa ukoo na dumu la pombe ya ndizi. Unakaa mbele ya wakwe, unaulizwa kosa lako, unalitaja kwa mdomo wako mwenyewe. Pombe ikinywewa, mke anafunga mizigo. Isiponywewa, unarudi na dumu lako, na njia nzima watu wanaona kwamba bado limejaa.

Baba mkwe, Mzee Malongo, alikubali nije Jumamosi. Ila aliongeza sharti ambalo halimo katika mila ya kabila lolote.

"Uje na gari hilohilo," alisema kwenye simu. "Nikilisikia kabla sijaliona, usishuke."

Hapo ndipo nilipoamua kwamba safari hii sitakurupuka. Nitachagua bomba kama mtu anayechagua mchumba.

Nilikaa na simu yangu jioni nzima nikitazama mafundi wa nchi za watu. Nikajifunza kwamba mabomba hayafanani hata yakifanana. Mdomo unaoshika turbo lazima uwe na matundu yaleyale. Mahali pa kufunga sensa pasipande wala kushuka. Mkunjo uwe uleule, na urefu ufike sawasawa linapoungana na bomba la nyuma. Likiwa pana kuliko lile la kiwandani, gari linapumua kuliko akili yake inavyotaka, na taa ya injini haizimi.

Nikakata boksi la sabuni. Nikaliweka kwenye mdomo wa turbo, nikalikandamiza mpaka matundu yakajichora, nikayatoboa kwa bisibisi ya moto. Boksi lile nililibeba kwapani kila nilikokwenda, kama mwalimu na rejesta.

Kituo cha kwanza kilikuwa kwa Sabiti, Ngara mjini. Sabiti anauza spea mbele na ana gereji nyuma. Babu yake alikuja kutoka pwani na marobota ya nguo na maneno matamu. Nguo ziliisha, maneno akarithi Sabiti.

Alinitazama nikipima bomba moja mara ya pili, kisha ya tatu.

"Bwana Frednand," alisema, "unanunua bomba au unapimia jeneza?"

Nilimwambia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Akasema ung'ong'o sawa, lakini mimi nampima nyoka mwenyewe.

Alikuwa na mabomba mawili. La kwanza lilikuwa jipya kutoka Dar, linang'aa kama kikombe cha padri, pana, halina masega. Sabiti alilisifu kwamba linaimba. Nikamwambia mimi natafuta bubu. La pili lilikuwa limetumika, bubu kweli, lakini boksi langu lilikataa. Mdomo wake ulikuwa wa turbo kubwa zaidi. Sabiti alipendekeza tuongeze tundu moja. Nikakataa, na moyoni nikajipongeza. Frednand wa zamani angekubali.

Ndipo akanitajia Kwizera, mtu anayebomoa magari mabovu ng'ambo ya mpaka wa Rusumo. Ana Subaru kama yangu, injini ileile, mwaka uleule, iliyopinduka. Nyuma imekwisha, mbele ni nzima, masega yamo.

Sasa, msomaji, nisikilize vizuri hapa, kwa sababu hapa ndipo napaswa kuchekwa.

Rusumo ina jambo moja ambalo hata mtoto wa chekechea wa Ngara analijua. Ukivuka daraja unabadilisha upande. Huku kwetu magari yanapita kushoto, kule kwa wenzetu kulia. Mimi nimekua nikiyaona malori yakibadilishana pale kama watu wanaopishana mlangoni. Siku ile dereva mmoja mgeni alisahau, akajikuta anatazamana na lori jingine pua kwa pua. Nikasimama na boksi langu kwapani, nikamcheka. Nikasema moyoni, huyu naye, si angetazama alipo.

Nikavuka.

Kwizera alikuwa mtu mpole wa kujibu anachoulizwa. Nilimuuliza matundu, akasema hesabu. Nikayahesabu, nikaweka boksi, likakaa kama ngozi kwenye ngoma. Nikamuuliza sensa, ikawa mahali pake. Nikaingiza tochi, nikayaona masega, mazima kama ya nyuki. Nikapima mkunjo kwa kamba na urefu kwa kamba. Kila kitu kilikubali.

Alipokuwa analifungua, nilipumzika ndani ya gari lile lisilo na milango. Nilikaa kiti cha mbele cha kulia, kiti changu cha siku zote. Nikanyoosha mikono. Mbele yangu hapakuwa na usukani. Palikuwa na kijisanduku cha kuwekea vitu. Nikakifungua, nikakuta rozari ya watu, nikakifunga kwa heshima.

Naapa nilikaa pale hadi Kwizera alipomaliza. Macho yaliona. Akili ilikuwa inahesabu matundu.

Kwizera aliniuliza kama kuna jingine ningependa kulitazama kabla hajalifunga kwenye gunia. Nikamwambia yaliyobaki nayajua.

Nikalipia ushuru mpakani kama raia mwema, nikarudi na bomba langu mapajani nikilishika kama mtoto wa ubatizo.

Ijumaa tulilifunga kwa Sabiti. Bolti ziliingia kwa vidole. Gasketi ikakaa. Sensa ikakaa. Bomba la nyuma likalipokea la mbele kana kwamba walizaliwa pamoja. Sabiti alitoka chini ya gari akaniangalia kwa macho ambayo hajawahi kuniangalia nayo.

"Nilikucheka," alisema. "Nimerudisha cheko langu."

Nikaliwasha. Lilinong'ona. Taa ya injini ikawaka, ikafikiri, ikazima. Nilisimama pale uani nikisikiliza kuku wakitembea.

Baba mkubwa Minani alikuwa ameshafika na dumu la pombe, tayari kwa safari ya kesho. Yeye ndiye mkubwa wangu wa ukoo, mzee wa maneno machache anayeyarudia polepole ili yasipotee. Nikampandisha, tukatoka getini tukakunja kulia. Gari laini kama siagi. Baba mkubwa akasema hii sasa ni gari ya mtu mwenye mke.

Kwenye njia panda nikakunja kushoto.

Usukani ulikwenda nusu, ukagota. Nikavuta. Ukagota tena, chuma kwa chuma. Tuliingia kwenye bustani ya mchicha ya watu na kusimama humo.

Tulirudi gereji kinyumenyume na kwa kulia, tukizunguka mitaa kama watu waliopotelewa na mbuzi. Sabiti alifungua boneti akatumbukiza kichwa. Alikaa humo kitambo. Alipokitoa hakuzungumza na mimi, alizungumza na bomba.

"Limetuna hapa ubavuni," alisema. "Na hapo lilipotuna ndipo chuma cha usukani wako kinaposhuka."

Nikasema haiwezekani, injini ni ileile, mwaka uleule.

"Ni kweli," alisema Sabiti. "Ila wenzetu usukani wao uko kushoto. Kwao hapo ni wazi. Bomba lina nafasi ya kunenepa."

Nikakiona kile kijisanduku. Nikaiona rozari.

Baba mkubwa Minani akauliza kwa utaratibu wake. "Kwa hiyo bomba ni zima?"

Nikamwambia ni zima.

"Na gari ni zima?"

Gari nalo ni zima.

"Sasa kibovu ni nini?"

Sabiti akanitazama, lakini kwa adabu hakujibu.

Badala yake aliniliwaza kwamba nisikate tamaa, kwa kulia tu Nyarubungo nitafika, ila nipitie Kigali.

Tulitafuta njia. Kulipondaponda pale lilipotuna kungevunja masega, na masega ndiyo bubu mwenyewe. Kulikata na kulichomelea upya kulihitaji umeme, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Kuomba siku nyingine kwa Mzee Malongo kulikuwa ni kumwambia kwamba nimeshindwa kabla hajanisikia. Domisiana angeambiwa mumeo haji. Sikutaka aambiwe hivyo. Nilikuwa nimeshaanza kuweka sahani mbili mezani, ya tatu nairudisha kabatini kabla Nice hajaiona.

Jumamosi asubuhi tulirudisha kile kipande cha bomba la maji. Bomba la Kwizera nikalilaza kwenye buti, nikalifunika gunia.

Tulisafiri kwa mngurumo mpaka nikaona aibu mbele ya mbuzi. Baba mkubwa alijiziba masikio kwa vidole viwili, dumu akalibana kwa magoti. Baada ya Nyakahura ndipo wazo lilinijia, na lilikuja likiwa limevaa vizuri, kama yote ya kwangu.

Juu ya kilima, kabla hujashuka kwa Mzee Malongo, kuna mashine ya kusaga ya dizeli. Naijua tangu enzi za uchumba. Siku za Jumamosi inalia asubuhi hadi jioni, kijiji kizima kinasaga. Ukifika pale na gari langu, hakuna atakayetofautisha. Kisha unazima injini. Kutoka pale njia inashuka mpaka kwenye migomba ya baba mkwe.

Nilimweleza baba mkubwa. Alifikiri.

"Huo si uongo?"

"Mzee alisema asilisikie," nilimjibu. "Hakusema liwe linawaka."

Baba mkubwa alikaa na jibu hilo mpaka kona iliyofuata. "Hilo unalijua wewe," alisema.

Mashine ilikuwa inalia kama nilivyotarajia. Wanawake walijipanga na mabeseni yao ya mahindi. Sikuwatazama usoni, nilikuwa natazama mteremko. Nikazima injini, nikaachia breki.

Ambaye hajawahi kuteremka na gari lililozimwa hajui kwamba usukani wake unakuwa mzito kama mlango wa kanisa na breki zinakuwa za kuomba. Kona ya kwanza niliipata kwa nguvu za mikono. Ya pili niliipata kwa maombezi. Kisha, mahali nilipokuwa nimepasahau, njia ikawa tambarare na gari likasimama.

Nikashuka kusukuma. Baba mkubwa Minani, mwenye koti na kofia ya sherehe, akashika usukani kwa mara ya kwanza katika maisha yake, dumu likiwa katikati ya miguu. Hakuwa analiendesha. Alikuwa analisemesha, polepole, kama ng'ombe anayeingizwa zizini. Viatu vyangu vyeusi vilizama kwenye tope jekundu. Lakini gari lilitii, likafika ukingoni, nikarukia ndani, likateremka lenyewe kimya kimya mpaka uani.

Mzee Malongo alikuwa kwenye kigoda anapukuchua maharage, sikio limeelekezwa njiani. Pua ya gari ilipotokea kwenye migomba, bakuli lilimponyoka.

"Shikamoo baba," nikamwamkia.

"Marahaba," akajibu, lakini alikuwa analijibu gari. Alilizunguka. Akaweka kiganja kwenye boneti. "La moto," alisema. "La moto, na sikulisikia."

Akawaita majirani waje washuhudie gari lililosilimu.

Tukaingizwa ndani. Dumu likawekwa katikati, halijafunguliwa. Baba mkubwa akatutambulisha kama inavyotakiwa, kisha nikaulizwa kosa langu. Nikasema kosa langu ni mlio, na kwamba nilimdhalilisha mama mkwe mbele ya altare. Nikasema nimejirekebisha. Nikawaeleza habari za boksi la sabuni, matundu, masega, safari ya ng'ambo. Wazee walitikisa vichwa kwa heshima. Kila nilichosema kilikuwa kweli. Nilichoacha ni kimoja tu, kwamba bomba lenyewe limelala kwenye buti chini ya gunia.

Baba mkubwa alitazama kofia yake muda wote.

Mzee Malongo akaagiza dumu lifunguliwe. Pombe ikamiminwa, mirija ikaingia. Mama Magdalena mwenyewe akavuta, akafuta midomo, akasema amenisamehe. Akaongeza kwamba kwa kuwa gari limepona, naye atapanda twende wote Nyamiaga, akamalizie ile ziara niliyoikatiza.

Nilikuwa nahesabu baraka zangu wakati kivuli kilipoziba mlango.

Domisiana aliingia na beseni kichwani. Unga ulikuwa umemjaa kwenye nyusi. Akapiga goti, akamsalimia baba mkubwa, akalitua beseni, akajifuta. Nilikuwa nimeikosa sura ile kuliko nilivyokuwa nimejiambia. Nikatabasamu.

Hakutabasamu. Alikuwa anatazama viatu vyangu.

"Umetoka wapi saa hizi, mwanangu?" baba yake alimuuliza. "Mumeo kafika, hata mimi nimeshtukia yuko uani. Wewe ulikuwa njiani. Gari hili ulilisikia?"

Wote wakamgeukia. Kwenye dumu pombe ilikuwa imebaki kidogo, na ilikuwa bado inaweza kurudishwa.

"Nilikuwa mashineni, baba," alisema Domisiana. "Pale mtu hasikii kitu."

Macho yakapanda kutoka kwenye viatu mpaka usoni kwangu, yakakaa.

"Mizigo yangu nilifunga jana," alisema. "Aliwashe, twende nyumbani."

Majirani wakashangilia. Mifuko ikatoka, mkungu wa ndizi ukatoka, jogoo amefungwa miguu akatoka. Jirani mmoja akaenda kufungua buti. Nikamwahi, nikamwambia buti lina matatizo. Mizigo ikapakiwa kwenye viti, juu ya baba mkubwa.

Mama Magdalena akapanda nyuma. Kabla ya kufunga mlango, Domisiana alivua kitenge chake cha juu, akamfunga mama yake kichwani, akakikaza barabara kwenye masikio yote mawili.

"Mbona unanibana hivyo?" mama aliuliza.

"Kuna upepo, mama."

Hapakuwa na upepo. Hakuna jani la mgomba lililotikisika.

Domisiana akazunguka, akakaa kiti cha pembeni yangu. Alinukia unga. Mikono aliiweka mapajani. Alizungumza kwa upole wake, kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu.

"Kuna neno unataka kumwambia baba kabla hujawasha?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa fupi, na katika miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kulisikia likitoka kinywani mwangu. Nikatoa kichwa dirishani.

"Baba," nikasema, "mimi sikuju..."

Mzee Malongo hakuwepo dirishani. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni. Alikuwa ameinama nyuma ya gari, mkono mmoja kiunoni, sikio amelisogeza karibu kabisa na mdomo wa bomba, kidole amekiinua kuwanyamazisha majirani.

"Maneno baadaye, mkwe," alisema. "Washa kwanza. Nataka niusikilize huo ukimya."